Hodi Kabla ya Picha

Katika lugha yetu neno kupiga lina kazi nyingi. Tunapiga hodi, tunapiga magoti, tunapiga kura. Na tangu chombo cha kutwaa sura kilipofika kwetu, tunapiga picha pia. Matendo mawili kati ya hayo, kupiga hodi na kupiga picha, yanakaribiana kwa neno lakini yameachana kwa mwenendo. Mtu anayekwenda nyumbani kwa mwenziwe hupiga hodi, akangoja aitikiwe karibu. Mtu huyo huyo, akimwona mwenziwe kando ya njia, humpiga picha akaenda zake. Insha hii inauliza swali moja: je, maisha ya kila siku ya mtu ni nyumba yenye mlango, ambayo haiingiwi bila ya hodi, au ni njia kuu ambayo kila mpitaji ana haki nayo?

Swali hili halikuwa na uzito mkubwa katika ujana wangu. Wakati ule picha ilikuwa shughuli ya siku kuu. Miji midogo mingi ilikuwa na studio yake ya picha, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maua, au bahari, au ndege ya abiria. Mtu aliyetaka picha alioga, akavaa nguo yake njema, akasimama wima, akalipa, na baada ya siku kadhaa akarudi kuichukua karatasi yake. Picha ilikuwa yake kwa kila hali: aliitaka mwenyewe, aliichagua sura yake, na ndiye aliyeamua ni nani atakayeipokea kwa posta. Leo mambo yamegeuka. Simu iliyo mfukoni mwa mwanafunzi ina kamera, na picha haingoji tena siku kuu. Tunapiga picha za sokoni, za kisimani, za mtoto aliyelala, za basi lililokwama matopeni. Na kabla matope hayajakauka picha imekwisha fika Dar es Salaam, Maskati na London.

Sisemi kwamba mageuzi hayo ni mabaya. Ili tuupime uzuri wake pamoja na hatari yake, nitachukua mfano wa njia niijuayo vizuri, njia ya kutoka Mombo kupanda Lushoto, katika milima ya Usambara, mkoani Tanga.

Msafiri huiacha barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, huliacha nalo joto la mashamba ya mkonge, akaanza kupanda. Mwendo wenyewe ni wa kilometa zipatazo 33 tu, lakini katika kilometa hizo dunia hugeuka. Jabali huwa upande mmoja na bonde upande wa pili, na maji husikika chini kabla ya kuonekana. Soni pana maporomoko ya maji na pana soko, na kando ya barabara akina mama wamepanga plamsi na peasi katika ndoo ndogo. Juu zaidi hewa hupoa. Mwezi wa Julai watu huvaa makoti, na ukungu huweza kuificha nyumba ya jirani. Mji wa Lushoto wenyewe, ulio katika kimo cha kiasi cha meta 1,400, ni mdogo: maduka, soko, stendi ya mabasi, ofisi za wilaya, misikiti na makanisa, na miti mirefu ya mikaratusi. Malori ya kabichi, karoti na viazi huteremka kutoka milimani kwenda kuilisha miji ya chini. Ni vigumu kwa mtu mwenye kamera kupita njia hiyo mkono wake ukatulia.

Picha za mambo hayo ya kawaida zina manufaa mawili makubwa. Ya kwanza ni kumbukumbu. Mtoto wa milimani anayefanya kazi mbali, akitumiwa picha ya uchochoro wa nyuma ya soko la kwao, hupata kitu ambacho barua ya kurasa nne isingaliweza kumpa. Ya pili ni kujisema wenyewe. Kwa muda mrefu habari zetu zilisemwa na wengine, na anayekusemea ndiye anayechagua jina lako.

Historia ya Usambara inalo funzo juu ya jambo hili. Mwaka 1892 mtawala mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta huko ua dogo la zambarau, nalo likapelekwa Ujerumani. Mwaka uliofuata lilipewa jina la kitaalamu, Saintpaulia, yaani jina la ukoo wake. Ua hilo sasa hupamba madirisha katika nchi nyingi za baridi. Ni kweli kwamba Wajerumani, katika maongezi yao ya kawaida, hulihusisha na Usambara. Lakini katika jina la vitabuni mwenyeji hakuwa na sehemu. Watu nao walitwaliwa kwa namna hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 mpiga picha Mjerumani, Walther Dobbertin, alifanya kazi yake katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani, na picha zake nyingi zimehifadhiwa hadi leo katika hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Ujerumani. Tunazishukuru picha za namna hiyo, kwa sababu zinatuonyesha mavazi, nyumba na njia za babu zetu. Hata hivyo, katika picha nyingi za zama za ukoloni maelezo hutaja kabila, au kazi, au mahali. Jina la mtu halimo. Mlima una jina, mto una jina, mpiga picha ana jina. Lakini mtu aliyesimama mbele ya kamera ni mchukuzi tu, au mwanamke wa kienyeji.

Kwa hiyo kijana wa Lushoto anayepiga picha za mtaa wake mwenyewe na kuzigawa kwa wenziwe anafanya kazi ya utamaduni, hata kama hajui. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipoanzisha Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alieleza kwamba utamaduni ndio kiini na roho ya taifa. Roho hiyo haikai katika ngoma za sherehe peke yake. Inakaa pia katika namna mama anavyopanga nyanya zake mafungu mafungu, na katika namna abiria wanavyosogeana kumpa nafasi mzee aliyeingia mwisho.

Lakini kamera ikishikwa na mwenyeji, kosa la mgeni halikomi kwa hilo tu. Nalisema hili kwa sababu nimelitenda mwenyewe.

Mwezi wa Julai, miaka michache iliyopita, nilikuwa safarini kikazi kupanda Lushoto. Tulipopita Soni kidogo, manyunyu yakianguka, nilimwona mama mtu mzima ameketi juu ya mzigo wa kuni kando ya barabara. Kanga yake ya kichwani ilikuwa imelowa, mikono ameiweka magotini, na nyuma yake bonde lote limejaa ukungu. Nilimwomba dereva apunguze mwendo. Nikashusha kioo, nikapiga, tukaenda. Yule mama aliinua uso na kufungua kinywa. Nadhani alitazamia salamu.

Usiku ule katika nyumba ya wageni niliitazama picha ile nikaona ni shairi tayari. Nikaitungia beti mbili juu ya mama wa mlimani asiye na wa kumpokea mzigo, nikaituma kwa wenzangu wa kundi letu la ushairi. Wakasifu. Mmoja akaituma kwa mwingine, na mwingine kwa wengine. Njiani beti zangu zikabanduka, picha ikaendelea peke yake, na mahali fulani mtu nisiyemjua akaiandikia maneno haya: watoto wa mama huyu wako wapi?

Baada ya wiki tatu kijana mmoja alibisha mlangoni pa ofisi yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Karibu, keti."

Hakuketi. Alinionyesha simu yake, akasema, "Nimeambiwa picha hii ilianzia kwako, mzee."

Nilikubali, tena kwa fahari kidogo, kwa maana nilidhani amekuja kuisifu. Ndipo aliposema, "Huyu ni mama yangu mzazi. Mimi ndiye mtoto anayeulizwa hapa yuko wapi."

Nilikosa neno. Aliendelea kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko matusi. "Siku ile mama alikuwa akipeleka kuni msibani kwa jirani. Nyumbani kwake anapikia gesi. Alikaa pale akiwangoja wenziwe waliokuwa nyuma. Ungalisimama ukamsalimu, angalikwambia."

Nimeyatafakari maneno yale mara nyingi. Katika picha yangu hapakuwa na uongo hata mmoja. Kuni zilikuwa kuni, mvua ilikuwa mvua, na uchovu ulikuwa uchovu. Lakini picha humwonyesha mtu alipo. Haionyeshi atokako wala aendako. Mimi niliuona mzigo. Sikuuona msiba, sikuuona ujirani, wala sikuwaona wale wengine waliokuwa wakija nyuma ya kona. Kuwapelekea kuni waliofiwa ni tendo la heshima katika mila zetu, nami nililigeuza kuwa tangazo la ukiwa. Usione vyaelea, vimeundwa. Methali hiyo inaigusa hata milima yenyewe. Msafiri hupiga picha ya mashamba yaliyopangwa vizuri mteremkoni, akaiita picha ya amani. Huenda hajui kwamba katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa milima hiyo kuchimba matuta kwa amri, na wakulima wakapinga hata mpango wenyewe ukaachwa. Neno matuta, ambalo kwa msafiri ni pambo la mlima, kwa wazee wa huko liliwahi kuwa neno la ugomvi.

Sasa atatokea mtu wa kunipinga kwa methali nyingine: macho hayana pazia. Atasema kwamba barabara ni ya wote, na aliyeketi barabarani amekwisha kubali kuonekana. Naam, macho hayana pazia, lakini kinywa kina mlango. Kuona ni jambo moja na kusimulia ni jambo jingine. Mila zetu hazikumkataza mtu kumwona jirani yake akilia. Zilimkataza kwenda kuyatangaza machozi yale sokoni. Picha inayotumwa kwa watu imekwisha kuwa zaidi ya jicho. Ni jicho lililopewa kinywa, na kinywa chenyewe hakinyamazi hata msemaji wa kwanza akijuta. Niliifuta picha ile katika simu yangu na kuwaomba wenzangu nao waifute, wakafuta, lakini ilikuwa imekwisha pita mikononi mwa watu nisiowajua.

Mwingine atapinga kwa hoja nzito zaidi. Kama kila picha ni ya hodi, je, uovu nao utapigiwa hodi? Anayekata miti usiku katika msitu wa hifadhi, tumwombe ruhusa kwanza? Hapa yafaa tupambanue. Hodi ni haki ya mtu katika maisha yake. Si ngao ya mtu anayeharibu kilicho cha wote. Msitu, barabara, daraja lililobomoka na mwenendo wa mtumishi awapo kazini ni mambo ya umma, na picha ya kuyashuhudia ni wajibu wa raia. Nasema haya nikiwa mtumishi wa serikali, nikijua kwamba kamera hiyo yaweza kunielekea mimi. Tofauti ni hii: daraja halina aibu ya kusitiriwa, mtu anayo.

Hoja ya tatu ni ya msanii, nayo ndiyo iliyonisumbua mimi kupita zote. Ukimwomba mtu ruhusa, sura yake hubadilika. Hunyoosha mgongo, hukaza shingo, huficha uchovu wake. Kile kilichokuwa kweli hutoroka, na kinachobaki ni mkao tu. Je, si afadhali kumtwaa mtu akiwa hana habari, ili tupate ukweli wake?

Nilipata jibu, au nusu ya jibu, nilipokwenda kumwomba radhi yule mama. Niliichapisha picha kwenye karatasi, nikafuatana na mwanawe mpaka kwao. Safari hii nilipiga hodi. Nilimwamkia, akaniitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu," kama kwamba hapakuwa na jambo. Nikamweleza kosa langu lote. Akaichukua karatasi, akaiweka mbali kidogo na macho, akaitazama kwa muda mrefu. Nilitazamia lawama.

"Nzuri," akasema. "Lakini mbona niko peke yangu?"

Nikamwambia kwamba wenziwe walikuwa hawajafika.

"Basi ungalingoja."

Kisha akaingia ndani, akatoka amevaa kanga nyingine na viatu, akawaita majirani wawili, wakasimama mbele ya nyumba wima kama askari wa gwaride. Nikawapiga. Kwa jicho la ufundi picha ile ya pili si kitu: jua liko nyuma yao, nyuso zina kiza, na mmoja amefumba macho. Lakini ndiyo aliyotaka itundikwe ukutani. Ile ya kwanza aliniruhusu kubaki na karatasi yake kwa sharti moja, kwamba kila nitakapoionyesha niseme alikuwa anakwenda msibani. Jina lake hakunipa ruhusa ya kulitaja, na kwa hiyo silitaji.

Tangu siku ile nimeacha kuuita mkao wa heshima uongo. Namna mtu anavyotaka kuonekana nayo ni kweli juu yake. Uchovu wake wa dakika moja barabarani ni kweli, na kanga yake njema ni kweli. Hakuna sababu ya kumfanya mpitaji awe hakimu wa kuamua ipi kati ya kweli hizo ni yeye hasa. Haki inataka mwenye sura aulizwe, na kama hapakuwa na nafasi ya kumwuliza kabla, basi aulizwe kabla ya picha kwenda kwa watu. Nakiri kwamba kwa kanuni hii picha nyingi nzuri zitapotea. Hilo ni hasara, nami mshairi naijua hasara hiyo. Lakini hata mshairi huacha kina kitamu akiona kinamdhalilisha mtu asiyeweza kujibu.

Sheria za nchi nazo zinaelekea huko. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika Ibara ya 16, inatambua haki ya kila mtu kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi na familia yake. Na mwaka 2022 Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Lakini mara nyingi sheria huitwa baada ya kosa. Adabu hutangulia, na adabu hufundishwa nyumbani na shuleni.

Kwa hiyo nawaomba walimu wasiridhike kuwakataza vijana simu, bali wawafundishe kupima. Na wewe mwanafunzi, kabla ya kuituma picha ya mtu, jiulize maswali matatu. Kwanza, je, nilimsalimu? Salamu ndiyo hodi ya barabarani. Anayejibu salamu amekufungulia mlango, na hapo unaweza kumwomba. Pili, je, ninajua alikuwa akifanya nini, na nimeliandika jambo hilo pamoja na picha, ili wasiojua wasije wakamtungia habari? Tatu, je, naweza kumwonyesha yeye mwenyewe, mbele ya watoto wake, picha hii pamoja na maneno niliyoyaweka? Kama jibu la swali hilo la tatu ni hapana, irudishe simu mfukoni, hata kama ukungu ni mzuri namna gani.

Hasa wakumbuke haya wale wanaosafiri. Aliye garini na aliye kando ya njia hawako sawa. Wa kwanza huondoka na picha, wa pili hubaki na moshi wa gari. Mwenye gari hudhani kwamba hawataonana tena, na dhana hiyo ndiyo inayoulegeza mkono wake. Wahenga walikuwa na neno kwa mtu wa namna hiyo, nao walilichukua katika milima: milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Mimi nilikutana na kijana yule mlangoni pa ofisi yangu, naye, ijapokuwa alikuja na uchungu moyoni, alipiga hodi.